Usinitishie Bibi Yangu: Kutengeneza Posta ya Filamu ya Kutisha na Kuipima kwa Watu

Muhula uliopita sisi watu sita, wengi wetu mwaka wa pili, tulitengeneza filamu fupi ya kutisha. Dakika 18 tu. Kamera ya kuazima, taa mbili za kuchaji, na hela iliyokatwa kwenye boom kabla boom halijaisha, jambo ambalo kila anayesoma gazeti hili anajua ni muujiza. Filamu inaitwa *Ndoo ya Tatu*. Inamhusu binti aliyepanga geto nje ya chuo, kwenye nyumba yenye bomba moja uani. Kila usiku anapanga ndoo zake mbili kwenye foleni ya maji. Kila alfajiri anazikuta tatu.

Kurekodi kulichukua wikiendi mbili. Posta ilichukua wiki tatu, na ndiyo iliyotugombanisha. (Nasema posta ya filamu, si kule unakoshukia daladala.) Nimeona niandike tulichojifunza, maana kila mwaka kuna watu hapa chuoni wanaotengeneza filamu, tamthilia au tamasha, halafu posta anaachiwa yule mwenye kompyuta, usiku wa kuamkia siku ya kubandika.

Posta ina kazi gani hasa?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa kafteria. Pale kuna ratiba ya mitihani, kikao cha wanafunzi wa mkoa fulani, mtu anauza jiko la gesi, mwingine amepoteza kitambulisho, na fulana za mahafali zinapatikana kwa kuweka oda. Anayepita anawahi kipindi. Filamu yako iwe nzuri kiasi gani, hapo inashindana na jiko la gesi.

Posta ina sekunde chache za kujibu maswali matatu: hiki ni kitu gani, ni cha aina gani, na kinafanyika lini na wapi. Mtu ajue hii ni filamu wala si semina, ajue ni ya kutisha wala si ya mapenzi, ajue ni Ijumaa saa moja usiku. Posta ya filamu ya kutisha ina kazi ya nne ambayo posta ya vichekesho haina: lazima iache swali moja bila jibu. Kama nimeshaona jini, makucha yake, na aliyeliwa, nije Ijumaa kufanya nini?

Walivyofanya waliotutangulia

Kabla hatujachora chochote tulikaa na kuangalia posta za zamani. Fanya hivyo na wewe, haina gharama zaidi ya bando.

Chukua *Jaws* ya mwaka 1975. Picha ile ilichorwa na Roger Kastel, kwanza kwa ajili ya jalada la kitabu cha Peter Benchley, halafu ikatumika kwenye filamu. Juu kuna mwanamke anaogelea, mdogo, hana habari. Chini yake papa mkubwa anapanda wima, mdomo wazi. Kinachotisha si papa peke yake, kwani papa hata sokoni feri utamwona. Kinachotisha ni kwamba wewe unayetazama unajua kitu ambacho yule anayeogelea hajui, na huwezi kumwambia.

*The Exorcist* ya 1973 ilikwenda njia nyingine kabisa. Posta yake haina shetani. Kuna mwanamume mwenye kofia, ameshika begi, amesimama usiku mbele ya nyumba, na mwanga unamwagika kutoka dirishani. Basi. Unajiuliza: mle ndani kuna nini mpaka mtu mzima asimame nje namna ile?

*Rosemary's Baby* ya 1968 wameweka kigari cha mtoto juu ya mwamba, cheusi tititi, na uso wa mwanamke umelala nyuma yake katika rangi ya kijani. *Alien* ya 1979 wameweka yai linalopasuka na kutoa mwanga, na sentensi moja inayokuambia kwamba huko angani hakuna wa kukusikia ukipiga yowe. Kigari cha mtoto na yai ni vitu vya kawaida kabisa. Vimetolewa tu mahali pake na kuwekwa pasipostahili.

Upande wa pili wako wachoraji wa Ghana wa miaka ya 1980 na 1990. Kule wenye video walizunguka na televisheni, deki na jenereta, wakionyesha filamu mji kwa mji. Posta zilichorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa, na mchoraji hakujibana: damu, nyoka, vichwa vinavyoruka, hata vitu ambavyo kwenye filamu yenyewe havimo. Zinapendeza, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanazinunua kama sanaa. Lakini kumbuka mwenye video yule kesho alikuwa mji mwingine. Wewe kesho utakuwa na watazamaji wako darasani.

Na kwetu je? Tuna filamu za kutisha za zamani, kama *Nsyuka* na *Shumileta* za Mussa Banzi, zilizotoka miaka ya 2000 wakati kanda na baadaye diski zilikuwa zinauzwa kwa kava. Kava ndiyo ilikuwa posta: inaning'inia dukani, inabandikwa nje ya kibanda umiza, na wewe mtoto unapita mbio ukirudi kutoka dukani kwa Mangi. Kizazi chetu kilijifunza woga wa picha hapo.

Posta yetu ya kwanza

Baada ya somo lote hilo, tulifanya nini? Tuliweka bibi.

Mwenzetu mmoja alikuwa na picha ya bibi kizee aliyoipata mtandaoni. Tukampaka giza usoni, tukamwekea macho mekundu, tukaandika jina la filamu kwa herufi zinazochuruzika damu. Ndoo moja tuliiweka pembeni, kwa heshima ya jina. Tuliipenda sana. Tulirushiana kwenye grupu, kila mtu akaandika "noma", "kali hiyo", "mzee baba umeua". Kwenye filamu yetu, niseme ukweli, hakuna bibi hata mmoja.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza: tulikuwa tunajipima wenyewe. Washkaji zako hawawezi kukupimia posta. Wanajua hadithi, wanajua ulivyokesha, na hawataki kukuudhi. Ni sawa na kumuuliza mama yako kama wewe ni mzuri.

Kupima: anza na sekunde tano

Kipimo rahisi kuliko vyote ni hiki. Mchukue mtu asiyeijua filamu yako. Mwonyeshe posta kwa sekunde tano, kisha ifiche. Halafu uliza, kwa mpangilio huu:

1. Umeona nini?
2. Unadhani hii inahusu nini?
3. Inaitwaje? Ni lini, wapi?
4. Unadhani nini kitatokea humo ndani?
5. Ungekuja? Na nani?

Andika jibu kama lilivyo, kwa maneno ya mtu mwenyewe. Usimsaidie, usimweleze, usitetee kazi yako. Akisema "sijaelewa", hilo ni jibu, tena ni zuri. Na usimuulize kabisa "umeipenda?" Mtanzania ukimuuliza hivyo uso kwa uso atakuambia nzuri, hongereni, kisha ataenda zake.

Chagua watu wa aina tofauti. Sisi tulijigawa: wengine kafteria, wengine kituo cha daladala, wengine kwenye foleni ya stesheneri ambako watu wana muda hata wasipotaka. Tulihakikisha hatuulizi watu wa kitivo kimoja tu, wala wavulana watupu, maana asubuhi ya kwanza tulipohesabu tulikuta tumewahoji wanaume karibu wote.

Majibu yalianza vizuri. "Uchawi." "Bibi mchawi." "Filamu ya Kibongo ya uchawi." Hakuna aliyetaja ndoo. Hakuna aliyetaja maji. Watu walikuwa wanaikumbuka filamu nyingine kabisa, filamu ambayo wameshaiona mara mia.

Halafu nikamwonyesha dada mmoja kwenye foleni ya stesheneri. Aliitazama, sekunde tano zikaisha, nikaificha. Akanyamaza. Nikamuuliza umeona nini. Akasema, "Nimemwona bibi yangu."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Kwao ni Shinyanga. Akaniambia bibi yake ana macho mekundu hivyo hivyo, kwa sababu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa tangu akiwa msichana, na moshi ule hauna huruma na macho. Akaniambia kuna wakati familia ilimhamisha bibi kwa miezi, kwa sababu jirani aliuguliwa na mtoto na watu wakaanza kumtazama bibi vibaya. "Kaka," akasema, "nyinyi mnatafuta watu waogope. Kwetu watu wakiogopa, bibi anakatwa panga."

Sikuwa na la kujibu. Nilimshukuru, nikakunja karatasi yangu, nikaondoka kwenye foleni bila kutoa kopi niliyokuwa nimeifuata.

Wala si habari ya mtu mmoja. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, ni jambo lililoandikwa na kupigiwa kelele nchini kwa miongo mingi, na macho mekundu ni moja ya "ushahidi" unaotajwa. Wenzetu wenye ualbino nao wanajua ni nini kinatokea pale mwili wa mtu unapogeuzwa hadithi ya kutisha. Picha tuliyoiona sisi ni burudani ilikuwa inarudia, kwa wino wa rangi, neno lile lile linaloanza kwa kunong'ona kijijini.

Ugomvi, na tulichokubaliana

Usiku ule grupu liliwaka moto. Mmoja alisema sanaa haiombi ruhusa, na tukianza kumsikiliza kila anayekwazika tutabaki na posta ya maua. Mwingine akasema filamu za bibi mchawi ziko kila kona, yetu itaongeza nini? Hoja zote mbili zina uzito, na wa kwanza hakuwa mjinga. Hofu kweli inatoka mahali pabaya, ndiyo maana inaitwa hofu.

Kilichotutoa hapo hakikuwa maadili peke yake. Ilikuwa ni ile karatasi ya majibu. Posta ilikuwa imefeli hata kwa kazi yake: ilikuwa inauza filamu ambayo sisi hatuna. Bibi alikuwa njia ya mkato. Tulikopa hofu iliyopo tayari, na deni lilikuwa linalipwa na mtu mwingine.

Tukatengeneza swali ambalo sasa nampa kila anayeniomba ushauri: *Je, kinachotisha kwenye posta hii ni kitu kinachotokea, au ni mtu wa aina fulani?* Kama jibu ni mtu wa aina fulani, kikongwe, mlemavu, mwenye ualbino, mgonjwa wa akili, anza upya. Papa wa *Jaws* anatokea. Mwanga wa dirishani unatokea. Bibi hakutokea, bibi alikuwepo tu, anapika.

Jaribio la pili: kipindupindu

Tukarudi kwenye filamu yenyewe. Nini kinatisha humo? Ndoo. Kitu ambacho kila mwanafunzi wa geto anakigusa kila siku. Tukapiga picha uani, ndoo tatu zimepangwa chini ya bomba, mbili za bluu na moja nyeupe, na nyayo za maji zikitoka kwenye ile nyeupe kwenda gizani.

Tukaenda tena na sekunde tano zetu. Majibu: "Tangazo la kipindupindu?" "Mambo ya kunawa mikono." "Maji yatakatika?" Mzee mmoja mlinzi akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kampeni ni nzuri ila tuongeze picha ya sabuni.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini hapo ndipo utaona faida ya kupima. Tungeibandika ile, chuo kizima kingechemsha maji na hakuna ambaye angekuja Ijumaa.

Tatizo lilikuwa mwanga na mahali pa kamera. Tulipiga kwa usawa wa macho, mwanga umeenea kila mahali, kama picha za matangazo ya afya zinavyopigwa. Mara ya tatu tukaweka taa moja tu, kutoka upande, na kamera tukaiinua juu inatazama moja kwa moja ndani ya ndoo. Tukatoa matoleo mawili. Kwenye A, vidole vimeshika ukingo wa ndoo kutokea ndani. Kwenye B, maji yametulia na uso unaonekana ndani yake kama kivuli cha mtu anayechungulia, ila juu ya ndoo hakuna anayechungulia.

Mahesabu kidogo, usikimbie

Tuliwauliza watu 20 wapya wachague ipi ingewavuta waje. Nusu walianza kuona A, nusu wakaanza na B, kwa sababu kinachoonekana kwanza kinaweza kumwelemea mtu. Matokeo: 11 wakachagua A, 9 wakachagua B. Wenzangu wawili wakashangilia, A imeshinda!

Haijashinda. Rusha shilingi mara 20. Kupata upande mmoja mara 11 au zaidi, uwe mwenge au usiwe mwenge, hutokea kama mara 8 katika kila majaribio 10. Yaani tofauti ya 11 kwa 9 haikuambii chochote. Ingekuwa 15 kwa 5, hiyo ni habari nyingine: shilingi ya kawaida hufanya hivyo au zaidi ya hivyo kama mara 4 tu katika 100. Kwa watu 20, basi, usiamini ushindi mpaka uwe mkubwa hivyo.

Kura zikikaribiana, soma sababu. Waliochagua A walisema "kuna muuaji" au "mtu amefichwa kwenye ndoo". Hadithi ilikuwa imeshaisha kichwani mwao, tena haikuwa yetu. Waliochagua B waliuliza. "Huyo ni nani?" "Mbona juu hakuna mtu?" Mmoja alirudi baada ya dakika kumi kuuliza tena. Na uso ule kwenye filamu upo kweli, vidole havipo. Tukachagua B.

Kabla hujachapisha

Mambo manne ya fundi, yatakuokolea hela.

*Kidole gumba.* Wengi wataiona posta yako kwenye status kabla ya kuiona ukutani. Ipunguze iwe na ukubwa wa kidole gumba. Sisi tulipofanya hivyo uso majini ulipotea kabisa, ikabidi ndoo iongezwe mpaka ijaze karibu ukurasa wote.

*Hatua kumi.* Ibandike, rudi nyuma hatua kumi. Kama jina, siku na mahali havisomeki, herufi ni ndogo. Zile za kuchuruzika damu tulizitupa, hazikusomeka hata kwa hatua tano.

*Giza la skrini si giza la karatasi.* Skrini inatoa mwanga, karatasi inapokea wino. Picha ya usiku inayopendeza kwenye simu ikichapishwa inakuwa tope. Ongeza mwanga kwenye sehemu muhimu na uchapishe nakala moja kwanza. Itoe na kopi nyeusi na nyeupe, maana kuna atakayeirudufu hivyo.

*Ukubwa wa faili.* Karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420. Ili ichapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, picha iwe na pikseli kama 3508 kwa 4961. Na usiitume stesheneri kama picha ya WhatsApp, itabanwa ipoteze ubora. Itume kama dokumenti au peleka kwenye flashi.

Ukutani napo pana adabu yake

Mwenzetu alipendekeza tutengeneze tangazo la bandia la mwanafunzi aliyepotea. Wazo lina historia: mwaka 1999 waliotengeneza *The Blair Witch Project*, filamu ya wanafunzi watatu wanaopotea msituni, walisambaza vipeperushi vya watu waliopotea na wengi wakaamini. Sisi tulikataa. Kwenye ubao ule ule kuna siku itabandikwa karatasi ya kweli, na sitaki mtu aipite akidhani ni filamu yetu. Mwaka 1995, habari za popobawa zilipoenea Unguja na Pemba, watu walilala nje kwa makundi kwa hofu. Hadithi huku kwetu zina miguu. Zinatembea.

Kwa hiyo tuliandika wazi kwamba ni filamu, hatukubandika karibu na zahanati wala kule wanakopita watoto wa wafanyakazi, na baada ya Ijumaa tulizibandua zote.

Ukumbi ulijaa kiasi kwamba waliochelewa walisimama. Yule dada wa foleni nilimwona safu ya mbele, na rafiki zake wawili. Baada ya filamu nilimfuata nikamuuliza ameionaje, nikasahau kabisa kanuni yangu ya kutouliza hivyo.

"Posta inatisha kuliko filamu," akasema. "Kapimeni na filamu."

Muhula huu tunaipima filamu.